Picha ya Mama Iliuzwa Mara Mbili

"Nyanyua kibao, Abuti. Mbona umekalia mkono?"

Ujumbe uliingia simu ikiwa imelala pajani. Moagi Seakamela, Abuti mwenyewe, aliusoma kwa jicho moja, jicho la pili likimtazama dalali. Hakugeuka nyuma. Alijua bila kugeuka kwamba safu ya saba, kiti cha pembeni, Puseletso ameketi ndani ya gauni lake la bluu, lile la kanisani, na katalogi ya mnada ameikunja mpaka imekuwa fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa ya Moagi, ila ilikuwa bado haijaambiwa.

— Laki moja na themanini nimepata, asante, Oom Deon! dalali aliimba. — Laki mbili nani ananipa? Jamani, msione nimevaa tai mkadhani nimeshakula!

Ukumbi ukacheka. Watu wa minada ya Johannesburg hucheka kwa adabu, kama waombolezaji waliokumbushwa kwamba marehemu alikuwa mlevi.

Ukutani, chini ya taa, msichana wa miaka kumi na minane alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono pajani, mdomo ameufunga, akiwatazama matajiri kama watu waliokuja kuomba chumvi. Kwenye katalogi aliandikwa: "Mwanamke Ameketi, Ezekiel Rantho, rangi ya mafuta, 1962." Basi. Jina lake halikuwemo. Jina lake ni Matlakala Moletsane. Sasa ana miaka sabini na nane, anaishi Orlando West, Soweto, na ndiye aliyemzaa Puseletso, anayemwita Mme, yaani mama.

Kwa nini binti auze picha ya mama yake? Kwa sababu kaka yake, Tshokolo, alipohamia Bloemfontein alimsahau mama lakini hakuisahau nyumba. Alitaka nusu yake, randi laki nne, kabla Agosti haijaisha. Asipopewa, nyumba ya marehemu baba yao inauzwa, na mama atafute pa kutandika blanketi. Puseletso ni mwalimu wa darasa la nne. Laki nne huziona kwenye kitabu cha hesabu. Alichokuwa nacho ni ukuta, na ukutani picha, na chini ya picha kiti. Na alikuwa na mchumba mwenye duka la samani za miaka ya hamsini na sitini, anayejua minada kama nzi anavyojua bucha.

— Nitaipandisha mimi, Moagi alikuwa ameahidi. — Nina mteja Durban, anaitaka hata kwa laki sita. Wewe kaa, tulia.

Mwanamke mwenye kofia, safu ya mbele, akanyanyua kibao. Laki mbili. Oom Deon Terblanche, bila kuondoa macho kwenye kucha zake, naye akanyanyua. Laki mbili na kumi. Kofia ikatikisika: hapana, yatosha.

"Moagi??"

— Laki mbili na kumi elfu, mara ya kwanza...

"MOAGI"

— Mara ya pili... Bwana Seakamela, leo umekuja kupumzika?

Moagi akatabasamu, akatikisa kichwa. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia kwelikweli, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki.

Nyundo ikaanguka.

Mali iliyofuata ilikuwa kiti. Kiti cha mti wa kiaat, kazi ya fundi wa Pretoria wa miaka ya hamsini, miguu myembamba, pa kukalia pamesukwa kwa kamba za ngozi, na doa jeusi la moto kwenye mkono wa kushoto. Kilikuwa kiti kilekile cha kwenye picha, na doa lilelile, lakini katalogi haikusema. Dalali alipotaja elfu nane, mkono wa Moagi ukachomoka. Kwa elfu tisa akakipata.

Simu ikatetemeka.

"Kiti umekiona. Mama yangu hukumwona?"

Alimkuta kwenye korido, karibu na meza ya chai, kikombe mkononi na hakuna chai ndani.

— Mteja wako wa Durban amekufa? Puseletso aliuliza.

— Puse, nisikilize...

— Nauliza tu. Kama amekufa, niambie niandike rambirambi.

— Hakupokea simu. Ningenunua kwa pesa ya nani? Soko limelala, mpenzi wangu.

— Soko limelala, au wewe ndiye uliyelala? Laki mbili na kumi! Wakikata yao nabaki na laki moja na themanini. Tshokolo atanicheka mpaka meno ya nyuma.

— Tutamwomba muda.

— Tshokolo? Huyo ukimwuliza saa ngapi anakudai saa yenyewe. Akamkazia macho. — Ile karatasi uliwapa?

— Karatasi gani?

— Ya Mme. Nimeketi naye jikoni Jumapili nzima, anasimulia naandika. Ulisema wakiichapa kwenye katalogi bei itaruka.

— Niliwapa. Wakasema nafasi haitoshi.

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa kushoto, imekunjwa mara nne. Moyo ulikuwa unaigonga kama mpangaji aliyefungiwa nje.

Angetukanwa, angepona. Lakini Puseletso akaweka kikombe chini, akaegemeza paji la uso kwenye koti lilelile, juu ya karatasi ileile.

— Basi. Ulijaribu. Nikumbatie, watu wasione mwalimu analia.

— Hii haijaisha, Puse.

— Imepigwa nyundo, Abuti. Ikipigwa nyundo imeisha. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Usimtukane bado, msomaji. Subiri nikupe sababu, ndipo umtukane vizuri.

Johannesburg nzima kulikuwa na watu watatu tu waliojua kwa hakika picha za Ezekiel Rantho zina thamani gani: Oom Deon, mzee wa Kikaburu mwenye ghala la picha, Anko Padayachee wa Fordsburg, aliyekuwa na macho mabovu na pua nzuri, na Moagi, mdogo wao. Walijiita Meza. Sheria ya Meza ni moja: ukumbini hatupigani. Mmoja ananyanyua, wawili wanakalia mikono, mali inatoka kwa bei ya mchicha. Kisha wanakwenda pembeni, wanafunga mlango, wanaipigia mnada wao wenyewe. Anayepanda kuliko wenzake anachukua mali, na kile kilichozidi bei ya ukumbini wanagawana sawa. Sheria ya nchi ina jina lake kwa mchezo huo. Wenyewe waliuita chakula cha mchana.

Na Moagi alikuwa na mpango. Ukumbini, aliwaza, nikishindana na Deon atanipandisha mpaka nidondoke, na Meza itanifukuza. Nikikaa kimya, picha inatoka kwa bei ndogo. Mezani nainunua kwa laki tano za mkopo wa bidhaa tu, ambao benki imeniaminia baada ya miaka sita. Siku ya harusi, Septemba, nafunua shuka: Mme Matlakala huyo, amerudi, na kiti chake chini! Na mteja wa Durban? Hakuwahi kuwepo. Na karatasi? Ingechapwa, dunia nzima ingejua, picha ingemponyoka. Na nyumba? Nyumba alikuwa ameiombea Mungu.

Alitaka kumpa mpenzi wake zawadi ya kile alichomwibia. Watu wa kazi hii tu ndio wanaoweza kukosea hivyo kwa moyo safi.

Saa tisa mchana walikuwa chumba cha nyuma cha mgahawa wa Mreno, Rosettenville. Picha imeegemezwa kwenye kreti za soda, firigisi za pilipili zinachemka kwenye bakuli.

— Tusali, alisema Anko Padayachee, akachovya mkate. — Laki tatu.

— Tatu na nusu, alisema Deon.

— Laki nne, alisema Moagi.

— Lo! Kijana leo ana njaa. Nne na nusu.

— Laki tano.

Deon akafuta vidole, kimoja kimoja.

— Tano na kumi.

Basi. Miaka sita ya Moagi iliishia hapo, ikazidiwa na elfu kumi.

— Oom Deon, niachie hii.

— Nikuachie? Kwani hapa ni kanisani?

— Ni ya mama mkwe wangu.

— Kila picha ni ya mama wa mtu, mwanangu.

— Huyo aliyeketi pale ndiye mama mkwe wangu! Yu hai! Naoa Septemba!

Wazee wakaangaliana. Na Moagi, kwa kukata tamaa, akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka hujishika kichwa kama mwenye jino bovu. Akatoa karatasi. Akaifungua. Akaisoma kwa sauti, machozi yakimlenga:

"Mimi Matlakala nilikuwa na miaka kumi na minane. Ezekiel alikuja kwa mume wangu kuchukua fremu na hakuwa na pesa, akasema atalipa kwa kunichora. Nilikaa siku tisa. Siku ya sita aliunguza mkono wa kiti kwa sigara, mume wangu akamfukuza. Siku ya saba akarudi na mkate, akachora mpaka na lile doa. Watu wakiiona picha husema nina huzuni. Sina huzuni. Nilikuwa nimeng'oka jino la mbele wiki ile, naficha pengo."

Alipomaliza, firigisi zilikuwa zimepoa. Anko Padayachee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akaangalia mdomo. Akaangalia doa.

— Laki sita na nusu, akasema taratibu.

— Anko! Nimewaambia ni mama mkwe wangu!

— Nimesikia. Ndiyo maana nimepanda.

— Laki saba, alisema Deon. — Moagi, mwanangu, jana hii ilikuwa mbao na rangi. Leo umeipa jina, umeipa jino, umeipa sigara. Nusu ya bei ya picha ni hadithi yake, na wewe umetupa bure, na machozi juu.

Walipandishana mpaka laki nane na ishirini. Deon akachukua. Akahesabu mgao wa kila mmoja, akausukuma kwa Moagi ndani ya bahasha ya kaki. Laki mbili na ushee. Bei ya kukalia mkono.

— Na karatasi, akasema, kiganja wazi. — Karatasi inaondoka na picha.

— Karatasi haikuwa kwenye mnada.

— Umeisoma mezani. Kilichokaa mezani ni cha Meza. Au nimpigie mwalimu mwenyewe nimwombe nyingine? Naona namba yake hapa chini.

Puseletso alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu wa kusahihishia: *Mkihitaji maelezo zaidi, nipigieni.*

Moagi akatoa karatasi. Deon akaikunja kwa upole wa mtu anayekunja hati ya shamba.

— Na kiti, utaniuzia?

— Hapana.

Hilo ndilo neno la pekee la kiume alilolisema siku ile, nalo alilisema juu ya kiti.

Wiki zikapita. Kiti kilikaa dukani kwake kimefunikwa shuka. Wateja wakiuliza, anasema kina mwenyewe. Bahasha aliihamisha droo hadi droo, kama paka anayehamisha watoto. Mara tatu aliichukua akaendesha gari mpaka Orlando West. Mara tatu alifika getini akajiuliza: nikimpa, atauliza imetoka wapi. Nitamjibu nini? Mara tatu akashuka na mkate na maziwa.

— Mkwe, Mme Matlakala alimtania mara ya tatu, — ukiendelea hivi tutafungua duka. Hivi nyumbani kwenu hamli mkate?

Mwisho bahasha ikaingia kwenye harusi. Ng'ombe wa kuchinja, hema, na gauni la Puseletso, lenye shanga za Kisotho kifuani. Puseletso alipolijaribu alijitazama kwenye kioo, akasema:

— Moagi, umetoa wapi pesa hizi?

— Biashara ilikaa vizuri.

— Ungenikopesha basi, tungemziba mdomo Tshokolo.

— Hela ilikuwa imeshalipwa, Puse. Haikurudishika.

Uongo ni kama mgeni wa kwanza msibani. Ukimpa kiti, anaita wenzake.

Mwishoni mwa Agosti nyumba ikapata mnunuzi. Jumamosi ya kuhama, Moagi alikuja na gari la duka. Sebule ilikuwa maboksi matupu na magazeti. Ukutani palibaki mraba mweupe mahali pa picha, na Mme Matlakala alikuwa ameketi chini yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeuzwa.

— Karibu, mkwe. Kaa. Samahani, ndoo ni moja.

— Nitasimama, Mme.

— Miaka sitini nikiingia nyumba hii natazamana na mimi mwenyewe. Asubuhi namwamkia. Jana nimeuamkia ukuta. Akacheka, meno ya bandia yakang'aa. — Usinitazame hivyo. Mke wako mtarajiwa ameniambia nitakaa kwa mdogo wangu Meadowlands mpaka mkishaoana. Kwa mdogo wangu kuna televisheni. Nitakufa najua habari zote.

Moagi alifungua mdomo. Leo, alijiambia. Sasa hivi, kabla ya boksi la kwanza.

— Mme, kuna jambo...

Simu ya Puseletso ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa vikombe. Akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka kwa wote.

— Habari za asubuhi. Naongea na Bi Puseletso Moletsane? Naitwa Carla, napiga kutoka Cape Town. Naandika katalogi ya mnada wetu wa Novemba. Siamini nimekupata! Nina karatasi yako hapa mbele yangu.

— Karatasi gani, dada?

— Hii inayoanza, "Mimi Matlakala nilikuwa na miaka kumi na minane." Una mwandiko mzuri mno. Na hiyo ya jino! Ofisi nzima tumecheka tukalia. Nilitaka kuuliza tu, mama bado yu hai?

Puseletso akaweka vikombe chini, kimoja baada ya kingine, bila sauti.

— Yu hai. Ameketi kwenye ndoo. Karatasi hiyo mmepewa na ukumbi wa Johannesburg?

— Hapana, niliwauliza, wanasema hawakuwahi kuiona. Wamesikitika kweli, maana imebadilisha kila kitu. Tunaikadiria picha milioni moja na nusu. Tumeipata kwa muuzaji, Bwana Terblanche. Anasema alikabidhiwa na Bwana Seakamela, mkwe wa familia, siku ileile ya mnada. Nimeandika hivyo. Ni sahihi?

Moagi alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi. Puseletso alikuwa ameifagia kwa ajili ya wanunuzi.

— Ni sahihi, Puseletso alisema. — Ila hapo kwenye "mkwe", futa.

Akakata simu.

Upepo wa mlangoni ukafunua magazeti.

— Ilikuwa mfukoni, alisema Puseletso. — Siku ile. Nilipokulalia kifuani.

— Ndiyo.

— Niliisikia ikikwaruza. Nikadhani ni barua ya mapenzi.

— Puse, nilitaka kuinunua mimi. Nikurudishie. Ukumbini nisingeweza, mezani nilijua...

— Meza ipi?

Akamweleza. Hakuacha kitu: Meza, firigisi, laki tano, machozi, bahasha. Alieleza kama mtu anayechota kwa kikombe maji ya jahazi linalozama. Puseletso alisikiliza kama anavyosikiliza watoto wa darasa la nne, bila kumkatiza, mpaka mwisho.

— Bahasha ilikuwa na kiasi gani?

— Laki mbili na elfu tatu.

— Laki moja na themanini yangu. Laki mbili na elfu tatu yako. Jumlisha.

— Puse...

— Jumlisha, Moagi. Watoto wangu wa miaka tisa wanaweza.

— Laki tatu na themanini na tatu.

— Zinapungua elfu kumi na saba. Kumi na saba! Ningekopa shuleni. Ningemlilia Tshokolo. Nyumba ulikuwa nayo kwenye droo, wewe ukanunua hema.

— Ningekuambia zimetoka wapi?

— Ungeniambia zimetoka kwa mama yangu! Sauti ikapasuka. — Ningekupiga. Ningekutukana wiki nzima. Halafu ningekuwa na nyumba. Na labda, Moagi, labda na mume. Gauni langu... Akajishika kifua kama amelivaa. — Ningeingia kanisani nimevaa mama yangu aliyeuzwa.

— Nilifanya kwa kukupenda.

— Najua. Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa mwizi tu, ningekwenda polisi nikapumzika.

Moagi akamgeukia Mme Matlakala, akapiga goti kwenye magazeti.

— Mme, nisamehe.

Bibi kizee alimtazama kutoka kwenye ndoo yake. Hakukuwa na hasira usoni, na hilo lilitisha zaidi.

— Ulipowasomea, wale wazee walicheka? Pale kwenye jino?

— Hapana, Mme. Walipandisha bei.

— Mm, alisema. — Ezekiel alicheka. Akainuka kwa kushika ukuta, katikati ya ule mraba mweupe. — Puse, mpigie mtoto wa jirani wa lile gari la mchanga. Gari hili lirudi dukani.

Septemba ilikuja, ikapita bila ngoma. Gauni lilirudishwa dukani kwa Moagi ndani ya boksi, likiwa limekunjwa vizuri, bila barua. Watu wa Meza walimpigia kumwita chakula cha mchana. Hakupokea. Akaandika barua kwenye ukumbi wa Johannesburg, akaeleza Meza yote kwa majina, la kwake likiwa juu; wakamfutia kibao chake, na wakasema kuhusu picha mawakili wataangalia. Mawakili, kama ujuavyo, wana macho mengi na miguu michache. Novemba dalali wa Cape Town aliimba mpaka milioni mbili, na Mme Matlakala wa kwenye picha akavuka bahari kwenda kuning'inia ukuta wa watu asiowajua, pengo lake likiwa limechapwa kwa lugha tatu.

Jumapili moja alasiri Moagi alitoa shuka, akabeba kiti, akakipakia, akaenda Meadowlands.

Puseletso alikuwa getini anamwagilia maua kwa kopo. Alikuwa amekonda. Moagi naye; lakini yeye hakuna aliyemtazama.

— Nimeleta kiti.

— Naona.

— Sidai kitu. Ni chenu. Na hii... akatoa bahasha, nyeupe safari hii. — Nimeuza makabati yote. Ni ileile hesabu, na kumi na saba juu.

Puseletso akaitazama bahasha kama mtu anayetazama basi lililokwisha ondoka.

— Mle nyumbani mwetu kuna watu wapya, Moagi. Wamepaka ukuta rangi ya kijani.

— Najua. Nilipita.

— Basi ipeleke kwa Tshokolo. Yeye hachagui.

Sauti ikatoka barazani:

— Puse, unaongea na nani?

— Na kiti, Mme.

— Siku hizi kinatembea chenyewe?

— Kimeletwa.

Televisheni ndani ilikuwa inasoma habari zote.

— Kiti kiingie, alisema Mme Matlakala. — Geti lifungwe.

Moagi alikiinua kumsaidia. Puseletso akatikisa kichwa, akakishika mwenyewe, miguu ya mbele kwanza, akakipitisha. Vidole vyao viligusana kwenye lile doa la moto. Hakuna aliyeondoa mkono haraka, na hakuna aliyeuacha. Kisha komeo likaingia mahali pake.

Kutoka kati ya nondo alimwona bibi kizee akipapasa kamba za ngozi, akigeuka, akiketi taratibu. Akaweka mikono pajani. Kichwa kikainuka, kidogo kushoto, kama miaka ile. Hakuna aliyemwambia akae hivyo, mwili ulikumbuka. Picha nzima ilikuwa pale, haina fremu, haina bei.

Mkono wa kulia wa Moagi, uleule, ukapanda juu wenyewe. Ukabaki hewani. Hapakuwa na dalali wa kuuona.

Mme Matlakala aliutazama mkono ule, muda mrefu. Meno yake yote ya bandia yalikuwa mdomoni, hakuwa na pengo hata moja la kuficha. Alikuwa ameufunga mdomo tu.